Mwiko Usiokuwa na Jina: Mapenzi ya Ofisini na Shuleni katika Hadithi za Mwambao wa Ziwa

Wahakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki wamekuwa na desturi ya kuipita riwaya ya mapenzi kama mtu mwenye heshima zake apitavyo mlango wa kilabu cha pombe: hutupa jicho, hukunja uso, akaendelea na safari. Riwaya hiyo huitwa chapwa, na wale waliolelewa katika nadharia za kitabaka huongeza kwamba ni kasumba inayowasahaulisha wafanyakazi na wanafunzi hali yao halisi. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imeleta hasara moja kubwa. Mada iliyoachwa na wahakiki imeokotwa na walimu wa maadili, na sasa kila hadithi inayomhusu mwajiri na karani wake, au mwalimu na mwanafunzi wake, husomwa kana kwamba iliandikwa ili kumwonya msichana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hadithi za mwambao wa Ziwa Viktoria, hasa za waandishi waliohusiana na Kisumu na Nyanza, zinauliza swali tofauti kabisa: ni nani mwenye haki ya kutamka neno "mapenzi" mahali ambapo mmoja anamlipa mwingine mshahara, au anampa alama za mtihani?

Yafaa kwanza kuitazama ruwaza iliyotoka nje. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, ikaungana na Harlequin ya Kanada mwaka 1971, na vitabu vyake vidogo vimesomwa na wasichana wa shule za bweni za Kenya kizazi baada ya kizazi, vikipita mkono kwa mkono hadi jalada likatike. Ndani yake mna daktari na muuguzi, mkurugenzi na katibu wake. Kanuni zinawakataza kupendana, na katazo hilo ndilo linalochochea moto. Mwanamume ni mkali, mwanamke anamwogopa, kisha hofu inageuka kuwa mapenzi, na katika kurasa za mwisho ndoa inalifuta katazo kana kwamba halikuwahi kuwapo. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba mamlaka ya mwanamume hayachukuliwi kuwa tatizo. Ndiyo mvuto wenyewe. Katazo katika vitabu hivyo ni ua wa maua, na ua wa maua umewekwa ili urukwe.

Je, ruwaza hiyo ilikuta nini ilipofika ziwani? Ilikuta jamii iliyokuwa na elimu kubwa ya makatazo. Wajaluo huliita katazo la namna hiyo *kwer*, na anayelivunja aweza kupatwa na *chira*, ule unyong'onyevu unaomla mtu taratibu na hata kuwarukia watoto wake. Miiko hiyo iligusa mambo ya mapenzi kwa undani sana: nani asioane na nani kwa ajili ya udugu, mkwe na mkwe wakae vipi, ni wakati gani wa kupanda na kuvuna ambapo mume na mke wana wajibu wao. Lakini reli ilifika ziwani mwezi wa Desemba 1901, Shule ya Maseno ikafunguliwa mwaka 1906, na kutoka hapo yakaanza kukua mahusiano ambayo miiko ya boma haikuyatazamia. Hapakuwa na *kwer* ya meza ya ofisi. Hapakuwa na *kwer* ya ubao wa darasa. Mzee wa ukoo aliweza kumwambia kijana kwamba msichana fulani ni dada yake. Hakuweza kumwambia meneja kwamba mpiga taipu wake ni mwiko, kwa maana mpiga taipu si wa ukoo wake, na ofisi si boma. Pengo hilo ndilo shamba la fasihi inayojadiliwa hapa.

Aliyeingia katika shamba hilo mapema, na pengine kwa ujasiri kuliko wote waliomfuata, ni Grace Ogot. Alizaliwa Asembo mwaka 1930, akasomea uuguzi, na kwa wakati mmoja alikuwa afisa wa maendeleo ya jamii mjini Kisumu. Alifariki mwaka 2015. Katika mkusanyiko wake *Land Without Thunder*, uliotolewa na East African Publishing House mwaka 1968, mna hadithi iitwayo "Elizabeth". Hadithi hii husahaulika, kwa kuwa wasomaji wengi hukimbilia ile ya binti wa chifu anayetolewa kafara ili mvua inyeshe. Elizabeth ni katibu muhtasi aliyefunzwa vizuri, mwenye mchumba, ambaye amekwisha kuacha kazi kwingine kwa sababu wakubwa wake hawakumwacha afanye kazi. Anaajiriwa na bwana mmoja aitwaye Jimbo, mtu mzima mwenye familia, na anashusha pumzi: hapa amepata mtu wa kumwona kama baba. Huyo huyo ndiye anayembaka. Elizabeth anashika mimba, anaiacha kazi, na mwisho anajitia kitanzi nyumbani kwa Jimbo.

Msomaji aliyezoea vitabu vya Mills & Boon atatambua hatua za mwanzo: ofisi safi, mwajiri mpole mwenye haiba, msichana mgeni anayejitahidi kupendeza kwa kazi nzuri. Ogot anaanza pale pale ruwaza ya nje inapoanzia, kisha anaukata uzi. Upole wa mkubwa, ambao katika riwaya ya kimapenzi ni dalili ya mapenzi yanayochipuka, hapa ni njia tu ya kufikia. Lakini jambo zito zaidi ni mahali pa kifo. Kwa nini Elizabeth hafi chumbani mwake, au mtoni, kama wafavyo wasichana wengi wa hadithi? Wahakiki wameona kitendo hicho kuwa kisasi, na ndivyo kilivyo. Ila ni kisasi chenye sarufi yake. Katika desturi za Wajaluo mtu akijinyonga ndani ya boma huliachia unajisi, na wenye boma hawawezi kukaa vivi hivi bila kulitakasa. Elizabeth ameitwaa kesi ambayo ofisini haikuwa na mwiko wala hakimu, akaibeba kwa mwili wake mpaka mahali ambapo mwiko upo. Ofisini Jimbo hakuvunja *kwer* yoyote. Nyumbani kwake sasa ipo, tena ya kumtisha yeye na wanawe. Huo si mwisho wa kumwonya msichana. Ni hati ya mashtaka iliyoandikwa kwa lugha pekee ambayo mshitakiwa angeweza kuisoma.

Hata hivyo hadithi hii ina udhaifu wake, na udhaifu huo ulirithiwa na wengi. Elizabeth ni msafi mno. Ana mchumba, ana adabu, hana hata mara moja wazo la kumtamani mwanamume aliye mbele yake. Ogot alilazimika kumjenga hivyo ili pasiwe na msomaji wa mwaka 1968 atakayesema "mwenyewe alitaka". Lakini kwa kufanya hivyo huruma ya msomaji imewekewa sharti: tutamlilia mwanamke kama hakupenda. Je, kama Elizabeth angempenda Jimbo, japo kidogo, japo kwa wiki moja? Je, dhuluma ingekuwa imekwisha? Swali hilo ndilo linalotenganisha hadithi ya kutisha na riwaya ya mapenzi, na Ogot hakulifikia.

Waandishi wa vitabu vya bei nafuu wa miaka ya 1970 walilifikia kwa mlango wa nyuma. David Maillu, ambaye si mtu wa ziwani bali wa Ukambani, alitoa *After 4.30* mwaka 1974 chini ya kampuni yake mwenyewe ya Comb Books. Jina lenyewe ni saa ya kufungwa kwa ofisi, yaani saa ambayo mkubwa na mpiga taipu wake wanaacha kuwa mkubwa na mpiga taipu, au wanajidai kuacha. Kitabu kilizagaa, na Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vya Comb Books mwaka 1976. Maillu anawapa wanawake wa ofisini sauti ya kusema wanachotaka na wasichokitaka, na hilo ni jambo, ingawa mara nyingi anawasemesha kwa namna inayomfurahisha mwanamume anayesoma garini. Katika mfululizo wa Spear wa Heinemann, ulioanza mwaka 1975, Rosemarie Owino alichapisha *Sugar Daddy's Lover*, na jina hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba hesabu ya fedha ilikuwa imekwisha kuwekwa jaladani. Mwangi Gicheru katika *Across the Bridge* ya mwaka 1979 aliigeuza meza: mtumishi wa nyumbani, mwanamume, ndiye anayempenda binti wa tajiri wake. Inashangaza jinsi wasomaji wanavyomsamehe Chuma upesi. Maskini akimtamani binti wa mwajiri, tunaiona daraja anayotaka kuivuka. Mwajiri akimtamani maskini, tunaliona shimo. Tofauti hiyo si ya maadili. Ni ya mahali nguvu ilipo.

Ng'ambo ya pili ya ziwa hilo hilo, katika kisiwa cha Ukerewe, ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi na ndiko anakotoka msichana wake Rosa. *Rosa Mistika*, iliyotolewa na East African Literature Bureau mwaka 1971, ilizuiwa kwa muda kutumika katika shule za Tanzania, na sababu yake yajulikana: wasichana wasingefaa kusoma mambo kama yale. Rosa anapigwa na baba yake kwa ajili ya barua ya mvulana, analelewa katika hofu ya wanaume, na akifika katika chuo cha ualimu Morogoro anaingia katika uhusiano na mkuu wa chuo mwenyewe. Hapa ndipo Kezilahabi anapomzidi Ogot. Rosa anataka. Hapelekwi kwa nguvu tu; anajaribu, anachagua, anafurahia uhuru aliokuwa amenyimwa, na wakati huo huo mkuu wa chuo anabaki na lawama yake yote, kwa maana funguo za chuo ni zake. Matamanio ya mwanamke na hatia ya mwenye mamlaka vinasimama pamoja katika ukurasa mmoja bila kimoja kukifuta kingine. Hilo ni jambo gumu katika sanaa, na mwandishi alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei.

Kisha anamwua. Rosa anajiua kama Elizabeth alivyojiua, ila Rosa hafi kwa kushitaki. Anafa kwa kukataliwa. Usomaji wa darasani umeshikilia kifo hicho, ukaiacha ile sehemu ya katikati ambayo ndiyo yenye thamani, na kwa njia hiyo kitabu kilichoogopwa na wenye mamlaka kikageuzwa kuwa mahubiri yao.

Ilibidi kungoja hadi mwaka 1986 kuona njia nyingine, na ililetwa na mwandishi ambaye wenye kupenda mipaka hawajui wamweke wapi. Marjorie Oludhe Macgoye alizaliwa Uingereza mwaka 1928, akaja Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu vya misheni, akaolewa katika jamii ya Wajaluo mwaka 1960 na kuishi Kisumu kwa miaka kadhaa. Mji huo aliutumia katika *Murder in Majengo* (1972), na tena, kwa ukomavu zaidi, katika *Coming to Birth*, riwaya iliyopata Tuzo ya Sinclair. Paulina, aliyeolewa akiwa na miaka kumi na sita na kupelekwa Nairobi kwa mume anayempiga, anarudi Nyanza, anajifunza kazi ya kufundisha mambo ya nyumbani, na anapata ajira Kisumu. Hapo, angali mke wa Martin kwa mahari iliyolipwa, anampenda mwanamume aitwaye Simon na kumzalia mtoto.

Mapenzi haya yamekatazwa kwa kila kipimo: cha boma, cha kanisa, na cha heshima ya mwanamke aliyepewa kazi ya kuwafunza wanawake wenzake. Lakini tazama kilichoondolewa. Simon hamlipi mshahara. Hana uwezo wa kumfukuza wala wa kumpandisha cheo. Paulina ana chumba chake, ana kipato chake, na ndiyo maana anaweza kupenda bila sisi kulazimika kuuliza kama alilazimishwa. Macgoye hasemi hivyo kwa maneno. Anaacha mambo madogo yaseme, chumba, cherehani, safari za basi, mwanamke anayejipangia siku yake. Wasomaji wanaotafuta joto la kimapenzi hulalamika kwamba kurasa hizo ni baridi. Ni kweli kwamba hazina pumzi za kukatika wala macho ya kuzamia. Hata hivyo, katika hadithi zinazojadiliwa hapa, hapa ndipo pa kwanza ambapo tamaa ya mwanamke haimgharimu maisha yake na pia haimgharimu haki yake.

Inamgharimu mtoto, msomaji atasema, na ni kweli. Mtoto wa Paulina anauawa kwa risasi mjini Kisumu, katika lile ghasia la tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta alipokuja kuifungua hospitali. Wapo wanaokisoma kifo hicho kama *chira*: mama amevunja mwiko, mtoto analipa. Usomaji huo unavutia, lakini unakosea, nao unastahili kukataliwa kwa sababu unaiondolea dola hatia yake. Macgoye angeweza kumwua mtoto kwa surua, au kwa ule unyong'onyevu unaojulikana na kila bibi wa Nyanza. Akachagua risasi, akaiwekea tarehe ambayo kila mtu wa Kisumu anaikumbuka. Risasi si *chira*. Ina aliyeifyatua.

Hadithi hizi za ziwani zimeandikwa zaidi kwa Kiingereza, na Kiswahili kimezipokea kwa mzunguko, kupitia vitabu vya shule. Katika *Kidagaa Kimemwozea* ya Ken Walibora, iliyotahiniwa katika shule za sekondari za Kenya tangu mwaka 2013 hadi 2017, Mtemi Nasaba Bora anamfanya Lowela, mwanafunzi, kuwa kimada, na Fao, aliyepata nafasi ya masomo ng'ambo isiyomstahili, anakuja kumpa mimba mwanafunzi wake. Matukio yote mawili yanasimuliwa kama sehemu ya uozo wa utawala, na kwa hilo mwandishi amefaulu. Ila Lowela anachotaka hakijulikani. Anapita katika riwaya kama ushahidi unaopita mahakamani mkononi mwa karani. Na hebu fikiria hali yenyewe: kwa miaka mitano kitabu hicho kilisomwa kwa sauti na walimu mbele ya wasichana, katika madarasa ambamo kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 kimeweka kifungo kisichopungua miaka kumi kwa mwalimu anayetumia nafasi yake kumshawishi mwanafunzi. Sheria imelipa jina lile katazo ambalo boma halikuwa nalo. Maswali ya mtihani yakauliza tabia za wahusika.

"Masharti ya Kisasa" ya Alifa Chokocho, katika *Tumbo Lisiloshiba*, imelishika jambo hilo kutoka upande usiotarajiwa, ule wa mume. Dadi ni mchuuzi wa samaki. Mkewe Kidawa ana kazi shuleni. Dadi anajitafuna kwa wivu juu ya mkewe na mwalimu mkuu mpaka anapanda ukutani usiku kuchungulia, na kuanguka. Hadithi inachekesha, na katika mada hii kicheko ni nadra. Chokocho ameona kwamba mahali pa kazi pameshakuwa chumba ambacho mume hana ufunguo wake, na kwamba wivu wa Dadi ni hofu ya mshahara wa Kidawa iliyovaa nguo za mapenzi.

Lugha yenyewe ina sehemu yake katika ugumu huu. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanamume hutongoza, mwanamke hutongozwa. Na mimba, kwa usemi wa riwaya nyingi na magazeti yote, hupachikwa, kama bango ukutani. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kumwonyesha karani anayempenda mkubwa wake, na bado anayedhulumiwa naye, anashindana na kiambishi cha kutendwa katika kila sentensi. Kezilahabi alikikwepa kwa kumpa Rosa vitenzi vya kwenda, kuandika na kukataa. Wengi hawajajaribu.

Na mada haijakwisha ziwani, imehamia ufukweni. Kwa miaka mingi katika forodha za Nyanza, mwanamke anayetaka kupata samaki wa kuuza amelazimika mara nyingi kuwa na mvuvi wake, anayeitwa *jaboya*, ambaye humwekea samaki kabla ya wengine, na malipo si ya fedha peke yake. Waandishi wa ripoti za afya wameliandika jambo hili kama njia ya kuenea kwa ukimwi, na ni sawa. Lakini ripoti haiwezi kuingia ndani ya mtumbwi. Haiwezi kusema kama kati ya mchuuzi na mvuvi wake kuna siku ambapo kweli alimngojea kwa hamu, siku ambayo samaki walikuwa kisingizio na si sababu. Riwaya ingeweza.

Kisa kimekwisha kujipanga chenyewe. Huko Nduru, katika mwongo wa 2010 wanawake kadhaa walisaidiwa kupata mitumbwi yao wenyewe, wakawaajiri wanaume wa kuivua, mpaka mafuriko ya mwaka 2020 yalipoufunika ufuko. Kwa miaka hiyo mwanamke alisimama nchi kavu akiwa mwenye chombo, na mwanamume akatoka majini akiwa kibarua wake, akiwa ameloa, akiwa kijana, akimpa hesabu ya mbuta na ngege. Kama mwenye chombo alimtazama yule kibarua kwa jicho jingine, alimtazama akiwa amesimama pale aliposimama Jimbo. Mwandishi wa kisa hicho atalazimika kuamua mapema, pengine katika sentensi ya kwanza, ni nani atakayekuwa mtenda wa kitenzi.